Risala ya Kikundi cha Jamaa za Wagonjwa kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwenyekiti wetu, madaktari, wazee na akina mama, asalaam aleikum.

Karibu sana Mombasa. Tumefurahi umefika, tena umefika mwenyewe. Mwaka jana risala hii ilipokewa na msaidizi, kwa mikono miwili, na hatujaiona tena.

Kikundi chetu kilianzia kwenye benchi la nje ya wadi, akina mama sita wakingojea saa ya kuwaona wagonjwa. Leo tuko arubaini, na tumepiga hatua kubwa mno: tumenunua viti viwili vya magurudumu (kimoja chatembea vizuri) na benchi lile tumelipaka rangi.

Mheshimiwa, haja yetu ni moja. Hospitali yetu inafundisha madaktari, nasi twajivunia. Ule mgomo wa madaktari wa siku 56 wa 2024, ambao malipo ya wanagenzi, yaani madaktari walio bado mafunzoni, yalikuwa kiini chake kimojawapo, ulitufunza ni nani hukesha na wagonjwa wetu. Hatusemi waondoke. Twauliza: masomo yao analipa nani?

Mwenzetu wa Likoni alimlaza mamake. Asubuhi mwanagenzi akaandika kipimo cha damu. Jioni akaja wa zamu nyingine, majibu hayamo kwenye faili, akaandika kile kile. Kesho yake daktari bingwa akapita na wanafunzi, akauliza swali, kimya. Kipimo kikaandikwa mara ya tatu. Ijumaa mama alikuwa mzima, lakini wa kutia sahihi ni bingwa, na raundi yake ni Jumatatu. SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa sehemu. Kwa kilichobaki, mwana alivuka feri mara mbili kwenda kuchangisha.

Mwanafunzi lazima apime ndipo ajue, hilo halina lawama. Marekani, tangu 1983, Medicare, bima ya wazee, huzipa hospitali za kufundisha nyongeza kwa kuwa gharama zao ziko juu. Kwetu nyongeza hiyo hutolewa na aliyelala kitandani.

Tunaomba ufundishaji utengewe fungu lake kwenye bajeti, kipimo kilichorudiwa kwa ajili ya somo kisiingie kwenye bili, na Jumamosi awepo mwenye idhini ya kumruhusu mgonjwa aende kwao. Fungu hilo tuliahidiwa mwaka juzi, kwenye meza hii hii, hata kitambaa hakijabadilika. Safari hii tumeacha nafasi ya sahihi chini ya ukurasa wa pili. Kalamu anayo katibu.