Kwa dada anayeuliza bwawa liko wazi saa ngapi

Dada,

Mwanao amenifikishia salamu zako na swali lako. Daktari amekwambia mgongo huo unataka maji, nawe ukamtuma mtoto aniulize naogelea wapi na saa ngapi. Mwaka mmoja na miezi minne hujanipigia simu, leo umetuma mtoto. Basi nami nakujibu hapa mbele za watu, maana wewe ndiwe uliyeanza kusema nami mbele za watu.

Bahari iache kwanza. Najua utanikumbusha pale chini ya Ngomeni, Fort Jesus hapa Mombasa, bibi juu ya jiwe na tasbihi yake, leso zetu zimejaa upepo mgongoni kama vipolo vya mchele. Lakini wakati ule tulikuwa na kazi moja tu, kuyangoja maji yajae. Sasa nani ana nafasi ya kuyangoja? Mwezi mpevu na mwezi mwandamo bamvua, yale maji makubwa, hujaa saa kumi alasiri, na saa hiyo mimi bado niko Moi Avenue nagombana na makaratasi ya makontena. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, na juma likipita yanajaa saa nne asubuhi, ukitoka kazini unakuta mwani na mawe. Nimehesabu: jioni nne, labda tano, katika majuma mawili. Na kusi ikivuma hata hizo unasamehe.

Bwawa halina kupwa wala kujaa. Lina mita 25, na saa ya wanawake ni Jumanne na Alhamisi, kumi na moja hadi kumi na mbili. Ukiondoa kuvaa, kuvua na foleni, zinabaki dakika arobaini. Zinatosha, usiniambie hazitoshi. Nilijaribu kulipiza juma zima kwa Jumamosi moja ya saa mbili, na bega likakataa hata kunichana nywele siku tatu. Mara mbili za dakika arobaini zinaishinda Jumamosi hiyo.

Usije na dera. Pamba hunywa maji, utaburuta kilo zako na za dera. Yako mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili wote, kitambaa chepesi, pale Mji wa Kale yanauzwa. Nywele zipake mafuta ya nazi kabla ya kofia, klorini isizikaushe. Na miwani, tafadhali, hatuna tena macho ya miaka kumi.

Siku ya kwanza nilidhani mwili haujasahau. Mikono haikusahau, kweli. Pumzi ndiyo iliyonitoroka. Mara nne kwenda na kurudi nikaning'inia ukingoni kama popo, binti wa miaka tisa akaniuliza, "Bibi, uko sawa?" Bibi! Nina miaka arobaini na moja. Huko duniani kwenye mashindano ya watu wazima mtu anahesabika kuanzia miaka 25, na madaraja hupanda mitano mitano, kwa hivyo mimi na wewe tungekuwa daraja moja, 40 hadi 44. Ungenishinda bado.

Kinachokaba si kukosa hewa. Ni kuizuia ile chafu ndani. Toa pumzi ukiwa majini, yote, povu litoke, ukigeuza uso iwe kazi ni moja tu ya kuvuta. Tazama chini, usitazame mbele, kichwa kikiinuka miguu inazama na mgongo unapinda, na mgongo ndio uliokuleta. Dakika kumi polepole. Kisha mita 50 mara nane, katikati pumzika nusu dakika. Kisha shika kibao cha kuelea upige miguu. Usinishindanie. Wewe tangu zamani huwezi kumuona mtu mbele yako majini ukamwacha.

Lakini nani alinipigia simu 2008 akipiga vigelegele, Jason Dunford, muogeleaji wetu wa Kenya, alipokwenda mita 100 za mtindo wa kipepeo kwa sekunde 51.14 kule Beijing, rekodi ya Olimpiki, hata kama ni kwenye mchujo tu na haikudumu? Ulisema, "Tungeendelea, mdogo wangu." Mimi neno lile nililiweka. Miaka yote ile ya ndoa, watoto, sukari ya mama, niliona nitalirudia siku moja. Nikalirudia. Sikuenda ngoma, sikuenda kwa mwanamume, nilienda kuogelea dakika arobaini mara mbili kwa juma, na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akinifukuza: nenda, usinikalie kama kuku wa mayai.

Mama alipofariki, wewe ndiwe uliyemwosha. Ulinishika mkono ukaniambia mimina taratibu, upande wa kulia kwanza. Sitakusahau kwa hilo. Na siku ya tatu, uani, tumekaa kwenye mbuzi na vitunguu, mdomo huo huo ukasema, bila hata kuniangalia: "Mamake anakata roho, mwenzetu anapiga mbizi." Kisu cha mama mdogo kikasimama. Hakuna aliyekujibu. Niliinuka nikateka ndoo ya maji ambayo hakuna aliyeihitaji.

Siku ile nilitoka majini nikakuta simu kumi na moja, saba zako. Nimepiga hesabu hiyo kila usiku. Toka bwawani, vaa, tafuta tuktuk, saa ile barabara imeshonana, nisingewahi. Hospitali walisema mama alifika ameshakwenda. Kwa hivyo hata ningeipokea ya kwanza ningekuta vilevile, na hiyo ndiyo haki yangu uliyoninyima mbele ya wanawake wote wa mtaa.

Ila ya kwanza niliisikia. Mkoba siku ile nilikuwa nimeuweka ukingoni, juu ya kandambili. Nilikuwa nimebakisha mita mia. Nikasema moyoni ni ofisi, ni yule wa kontena la mitumba, nikageuka nikaendelea. Urefu wa bwawa mara nne, dada. Nilizimaliza zote, na nilizimaliza vizuri. Hili mume wangu hajui, na sasa sijui kwa nini nimelianika hapa, lakini limeshatoka.

Jumanne basi. Fika kumi na moja kasorobo, kaa kwenye benchi la saruji, mimi nitatokea na tuktuk. Leta leso mbili, moja ya kukalia. Simu yako usiitie mkobani. Mpe yule dada anayekaa mlangoni, mwambie ikiita aje akupungie mkono, hata uwe katikati. Yangu huwa kwake.