Barua kwenu mliorithi mshtuko

Wanangu mnaoanza kulea,

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hawakumtaja mtoto aliyebebwa mgongoni, ambaye nyoka hakumwona, ila mama aliporuka naye akaruka. Mtoto huyo ni ninyi. Ni mimi pia.

Baba yangu hakustahimili kishindo cha mlango. Nyumba nzima tulifunga milango kwa kunyata, bila kuambiwa sababu. Nilipopata watoto nikawakaripia kwa jambo lilelile, mpaka binti yangu akaniuliza, "Kwani mlango umekufanya nini?" Sikuwa na jibu. Baba alikwisha kufariki. Shangazi ndiye aliyenieleza kwamba baba akiwa mdogo, watu waliuvunja mlango wao usiku wakamchukua babu.

Siku hizi mnaniambia kiwewe kimo kwenye damu. Taratibu hapo. Ni kweli kwamba Uholanzi ilipokumbwa na njaa kali mwaka 1944 hadi 1945, watoto waliotungwa mimba kipindi hicho walikutwa, miaka sitini baadaye, na alama za kikemia kwenye jeni mojawapo, yaani chembe ya urithi, zilizotofautiana na za ndugu zao. Lakini hao njaa iliwafikia wenyewe, tumboni. Kwamba hofu ya babu humfikia mjukuu kwa njia ya mbegu, kwa binadamu ushahidi bado ni haba. Malezi tunayaona kwa macho: uso unaobadilika ghafla, swali linalonyamazishwa, mkono unaotangulia akili.

Mwaka 1975 Selma Fraiberg, mtaalamu wa afya ya akili ya watoto wachanga, na wenzake huko Marekani, waliandika kuhusu wazazi waliokuwa wakirudia kwa watoto wao yale waliyotendewa. Waligundua kwamba kukumbuka tukio hakutoshi; aliyekumbuka na uchungu wake ndiye aliyekuwa na nafasi ya kutorudia. Nami nimewasikia wengi barazani: "Tulichapwa, tukanyooka!" Kicheko. Kipigo wanakikumbuka vizuri, hata rangi ya fimbo. Yule mtoto aliyejificha akitetemeka wamemsahau, na mwanawe akitetemeka hawamtambui.

Kwa hiyo ulizeni, maadamu wenye habari wapo. Ulizeni mkimenya kitu au mkitembea, si kwa kumkalisha mzee kama shahidi. Akinyamaza, mwacheni, kidonda kinachofumuliwa kwa nguvu hutoka damu upya. Na mkishajua, msimtwishe mtoto mzigo wote. Mpeni kadiri ya umri wake. Mkimfokea, rudini mumwambie kosa halikuwa lake. Hilo nililichelewa mno. Wenye jinamizi kila usiku, wanaotuliza moyo kwa pombe, au ambao mkono haushikiki, waende kwa mshauri nasaha au daktari wa akili. Barua ya mzee haiwatoshi.

Na anayewaambia mtoto wa nyoka ni nyoka, msibishane naye. Amechoka tu kujiuliza.

Juzi mjukuu wangu aliubamiza mlango. Nikaruka, kama kawaida. Akasimama akinitazama usoni. Nikamwambia, "Babu kashtuka. Ni mambo ya zamani, hujakosea, nitakusimulia." Akaitikia, akatoka mbio kwenda kucheza, akaubamiza tena.

Mzee wenu