Kwa vijana wa kwaya na kamati ya mapokezi: kile kiti kilikuwa cha nani?

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimekaa na jambo hili wiki mbili nikidhani litapoa. Halijapoa.

Asubuhi ya Sherehe ya Kristo Mfalme nilikuta mbele ya altare kiti chekundu chenye nakshi za dhahabu, kile cha kukodi wanachokalia maharusi. Nikafikiri, hawa watoto wana akili, wamekiacha kitupu kwa heshima ya Mwenye siku. Kumbe cha mgeni rasmi! Misa ikamngoja karibu saa nzima. Alipotokea mlangoni mkamwimbia wimbo wa Mfalme, mkamtandikia vitenge apite. Na bibi wa jumuiya yetu, aliyefagia kanisa hilo kabla ninyi hamjazaliwa, akaambiwa apishe benchi kwa ajili ya wapambe. Akapisha. Akasali nje, juani, rozari mkononi.

Mnajua sherehe hiyo ilitoka wapi? Papa Pius XI aliitangaza Desemba 1925. Vita Kuu ilikuwa imeua mamilioni, wafalme wa Urusi, Ujerumani na Austria wameanguka, na pale Italia Mussolini ndiyo kwanza anajifanya mwenye nchi. Papa akataka watawala wajue kwamba nao wana Bwana juu yao. Miaka miwili baadaye, kule Mexico, serikali ilimpiga risasi Padri Miguel Pro. Alinyoosha mikono kama aliye msalabani, akasema: Aishi Kristo Mfalme! Ndiyo maneno mliyochapa kwenye fulana zenu, halafu mkayavaa kumpigia magoti mtu mwenye msafara wa magari.

Huyo mnayemwita Mfalme, watu aliowalisha mikate walipotaka kumtawaza kwa nguvu, alikimbilia mlimani peke yake. Aliingia Yerusalemu juu ya punda wa kuazima. Mbele ya Pilato akasema, "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu." Taji alilovaa mnalijua. Leo usiku someni 1 Samweli sura ya 8, mwone mfalme wa kibinadamu huchukua nini: wana, mabinti, mashamba, mpaka punda.

Sisemi mmeyaanza ninyi. Nchi nzima siku hizi mwenye bahasha nene ndiye anayeshika kipaza sauti, na wapo wahubiri wanaolindwa na mabaunsa utadhani wamebeba dhahabu. Hata sisi wazee tumo. Nilikuwa kwenye halmashauri ya walei mwaka ule tuliomruhusu mfanyabiashara mmoja ahutubie altareni kwa sababu aliahidi mabati. Nilipiga makofi kuliko wote. Mabati hayajafika hadi leo, na mvua mnaiona inavyotuingilia.

Basi, Misa isimngoje mtu. Mgeni asalimie wakati wa matangazo, akae benchi kama sisi. Nyimbo za Bwana aimbiwe Bwana. Na hizo spika, jamani, punguzeni.

Nasikia kiti bado kiko sakristia na kodi yake inahesabiwa kila siku. Kirudisheni kesho. Kisha nendeni kwa yule bibi, wote, si mwakilishi. Msibebe sukari wala khanga. Mwombeni radhi, mkamwambie benchi lake la pili kushoto linamsubiri Jumapili.

Ni mimi babu yenu,
Katekista mstaafu