Barua kwa mwanangu: jina lako liwe moja

Kiuyu, Micheweni
Pemba

Mwanangu Rahma,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sisi ni wazima, alhamdulillah, isipokuwa macho ya bibi yako. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Juzi nilipoanza habari ya majina ulinambia, "Mama, nikishapata skolashipu ndiyo tutayashughulikia," ukanipeleka kwenye bei ya pweza mpaka salio likaisha. Sikulala usiku ule.

Ndani ya cheti cha kuzaliwa wewe ni Rahma Khamis. Ndani ya cheti cha Kidato cha Nne, cha Sita na cha chuo wewe ni Rehema Hamis. Hapa Kiuyu hakuna asiyejua kwamba ni mtoto mmoja. Lakini mtu anayepitia maombi huko Uingereza hakujui wewe wala hanijui mimi. Anachokiona ni karatasi za watu wawili, na mmoja kama kaazima vyeti vya mwenziwe.

Usidhani sikufurahi. Ile taarifa ya skolashipu za Commonwealth nimeisoma yote mara mbili, kamusi ikiwa pajani. Nimeelewa kwamba hizi zinazotolewa kwa kushirikiana na vyuo vyenyewe zinalipa ada, tiketi ya kwenda na kurudi na posho ya kila mwezi, na kwamba zimewekwa kwa mtu ambaye bila msaada huo hawezi kusoma kule. Hapo kweli tupu inatosha, usitie chumvi. Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza, umefanya vyema kuiacha kwanza, maana wanataka miaka 2 ya kazi. Nimependa pia kwamba ulitafuta mwenyewe, hukungoja kuletewa. Nimewaambia walimu wenzangu wote, na mwalimu mkuu kakuombea dua mbele ya wanafunzi gwaride la asubuhi. Lakini taarifa uliipata mwanzo wa mwezi, kwa nini mimi nikaipata wiki ya tatu? Ndiyo tabia yako tangu udogoni, kukaa na jambo mpaka lichache.

Sasa nisikilize habari ya majina. Mambo haya yana mpangilio wake, moja linavuta jengine. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS unajiandikisha kwa pasipoti, na matokeo yanatoka kwa jina lililomo ndani ya pasipoti. Pasipoti inatokana na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Kwa hiyo ukikimbilia pasipoti leo na cheti hiki kilivyo, utatoka Rahma Khamis, na IELTS itatoka Rahma Khamis, na vyeti vyote vya kusomea vitabaki vya Rehema Hamis. Matokeo ya mtihani ule watu huyakubali miaka 2 tu, na ada yake si ya kulipwa mara mbili na mtu kama mimi. Anza chini, kwenye cheti cha kuzaliwa. Nenda kwa wakili hapo mjini akuandikie hati ya kiapo kwamba Rahma Khamis na Rehema Hamis ni mtu mmoja, kisha uende nayo usajili uwaulize cheti kinarekebishwaje kifuate vyeti vya skuli. Vyeti vya mtihani ndivyo vigumu kuguswa, basi vyengine ndivyo vivifuate. Shilingi 150,000 za pasipoti ninazo, zimetoka kwenye mwani wa mwezi uliopita. Nitakutumia kwa simu siku utakayonipigia picha hati hiyo ya kiapo. Kabla ya hapo sitoi hata shilingi.

Bibi yako hajaambiwa. Jina la Rahma ndiye aliyelichagua yeye, alikuadhinia baba yako na yeye akakuita. Akisikia kwamba tunalifuta kwenye karatasi za serikali ataumia. Nitamwambia kwamba mbele ya Mungu na mtaani wewe ni Rahma mpaka mwisho, na ndivyo ilivyo.

Utauliza jina hili jengine, Rehema Hamis, limetoka wapi. Wiki iliyopita nilimuomba mwalimu mkuu anifungulie kabati la zamani, nikaitafuta rejista ya mwaka ulioanza darasa la kwanza. Pembe zimeliwa na mende, wino wa buluu umefifia, lakini mstari wako unasomeka. Niliandika R, nikaandika a, kisha ile a nikaikwangua kwa wembe nikaweka e. Karatasi pale ni nyembamba, ukiinyanyua kwenye mwanga inaonyesha. Na Khamis nikaikata herufi ya mwanzo kama ninavyosahihisha imla. Nilikuwa mwalimu kijana, nikiona kwamba Rahma ni matamshi ya wazee na Rehema ndiyo Kiswahili sanifu. Hakuna karani aliyekosea, Rahma. Mwandiko ni wangu.

Yaliyomfika kaka yako unayajua, sirudii. Kipande kimoja tu hukijui. Wale waliompa nafasi walimpa siku 14 alete karatasi ya kisheria ya kueleza kwa nini pasipoti ni Khamis na vyeti ni Hamis, na karatasi ilifika siku ya 17. Yeye mpaka leo anasema kwamba wakubwa walimzungusha, na mimi nikimsikia hunyamaza. Wiki ile ilikuwa ya bamvua, maji yanapokupwa sana, kamba zangu za mwani zimejaa, nikajua nikiziacha bahari itazikata. Nilikwenda pwani siku sita, kwa wakili nikaenda siku ya saba. Nilipata magunia manne. Usimwambie, nitamwambia mwenyewe akija Idi.

Tuje kwenye maelezo uliyoandika, yale ya kueleza masomo yako yataifaa vipi nchi. Uliniomba nikwambie ukweli. Ukurasa wa mwanzo mzima unazungumza habari ya dunia na mabadiliko ya tabianchi, na maneno hayo mtu yeyote wa nchi yoyote angeweza kuyaandika akiwa hajawahi kulowa. Wewe umeanza kwenda mwani na mimi hujatimiza miaka saba. Andika unachokijua. Andika kwamba kilimo hiki kilianza kuuzwa biashara mwaka 1989 kule Paje na Jambiani, kikafika huku, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Andika kwamba tulikuwa na kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, na sasa mtu akiipanda kwenye maji ya karibu haimalizi wiki sita. Mimi nilijaribu tena mwezi wa Februari. Nilifunga kamba tano. Siku ya kumi na mbili nikaona vidoa vyeupe kwenye viungo, nikakishika kijiti kimoja, kikawa laini kama mchicha uliopikwa, kikakatikia vidoleni. Jua lilikuwa saa sita, maji yamekupwa, na miguu yangu iliungua kwa joto la maji yale. Tukarudi kwenye spinosamu, aina nyengine, ambayo inavumilia lakini bei yake ni ya kusikitisha.

Wanaokuja kutupima wanasema dawa ni kwenda kwenye maji ya kina. Sawa. Lakini maji ya kina yanataka mtumbwi na yanataka mtu ajue kuogelea, na wanawake wa rika langu hapa hawaogelei. Nani atakwenda huko, na mapato yatakuwa ya nani, ya mke au ya mwenye mtumbwi? Mwanangu, hilo ndilo swali. Sijamuona mtafiti aliyetuuliza hivyo. Wameniuliza nina kamba ngapi, nafunga taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, ngapi kwa kamba, nina watoto wangapi. Katika wote waliokuja, mmoja tu alirudi kutuonyesha alichokipata. Ukipata pesa za utafiti, weka ndani ya bajeti nauli ya kurudi kuwaelezea watu. Weka na kukodi mtumbwi, weka kipimajoto cha kuzamisha, weka na kitu kidogo kwa wanawake utakaowapotezea bamvua yao. Bajeti isiyo na mtumbwi, msomaji anayeijua bahari ataona kwamba hukukusudia kufika.

Na kwa habari hiyo ya pesa za utafiti, kwa nini unazidharau za hapo hapo? WIOMSA, kile chama cha wanasayansi wa bahari, makao yao yako Unguja, umbali wa daladala kutoka unapojitolea Buyu. Ruzuku zao za utafiti wa bahari, zile wanazoziita MARG, si kubwa, lakini ni za watu wa ukanda wetu huu wa magharibi ya Bahari ya Hindi, na wana sehemu ya utafiti mdogo na sehemu ya kumsafirisha mtu kwenda kwenye mkutano. Mtu aliyeshika ruzuku ndogo akairudishia hesabu yake, stakabadhi kwa stakabadhi, ana la kumwambia mfadhili mkubwa. Mkopo wa Bodi ya hapa Zanzibar uliosomea ni deni, na utaulipa. Ruzuku hulipi, lakini inakuuliza kila shilingi ilikwenda wapi. Nunua daftari. Wewe na stakabadhi ni maadui, nakujua.

Barua za walimu wako waombe sasa, usingoje wiki ya mwisho. Mwalimu akiombwa leo kwa kesho huandika mistari minne ya heshima isiyomsaidia mtu. Mpelekee maelezo yako, matokeo yako, na tarehe ya mwisho imeandikwa wazi. Na umwambie aandike jina gani! Akikuandika Rahma kwa sababu ndivyo anavyokuita, tumerudi pale pale.

Yule kijana aliyekwambia atakujazia fomu kwa laki mbili, achana naye. Commonwealth hawatozi pesa kuomba, wala Chevening hawatozi. Anayetaka pesa zako anataka pesa zako.

Baba yako yuko dago, kambi ya wavuvi, Shimoni kule Kenya tangu kusi lilipotulia, anatarajiwa mwisho wa mwezi. Nimemwambia habari zako kwa simu ya mwenziwe, kasema "Alhamdulillah" mara tatu kisha kauliza kama Uingereza kuna msikiti karibu na chuo. Muangalizie, kwa sababu ataniuliza tena. Ng'ombe kazaa, ndama jike. Ami yako anataka kuuza fungu lake la mikarafuu ya Msuka kabla ya vuli na mimi sikubali, miti ile ni ya babu yenu wote, na wewe una haki humo, kwa jina lolote. Bati la jikoni limeondoka upande wa mashariki kwa upepo wa wiki iliyopita. Nimeliwekea jiwe. Mdogo wako kavunja kioo cha duka kwa mpira na nimelipa, ndiyo maana kwenye kikapu hiki hukuti pesa ya matumizi. Macho ya bibi yako wamesema ni mtoto wa jicho, anasubiri kuitwa Wete kupasuliwa. Anaogopa, ingawa anasema haogopi. Mpigie yeye, usipitie kwangu.

Ndani ya bahasha ya kaki utakuta cheti chako cha kuzaliwa, kile halisi. Nimekaa nacho ndani ya kasha miaka yote hii na kina harufu ya karafuu. Kirudufu mara tatu, ukathibitishe nakala, na halisi usimuachie mtu yeyote mezani kwake, hata akiwa na tai. Juu ya bahasha nimekuandika Rehema Hamis ili aliyeibeba akuulizie vizuri pale Buyu. Mkono ulinitetemeka kidogo, nikaiandika.

Kikapu anacho mtoto wa jirani, anapanda boti Mkoani Jumamosi. Mna samli, pweza mkavu, na halua ya Wete nusu kilo ambayo bibi yako kasema ni yako peke yako, usiwagawie wote dakhalia nzima. Kula na wawili watatu.

Ukiipata barua hii kaa kitako, toa kila karatasi uliyonayo, na unakili jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kila moja: cha kuzaliwa, kitambulisho, Kidato cha Nne, Kidato cha Sita, chuo, kadi ya benki, hata kadi ya maktaba. Usiandike ulivyozoea, tizama karatasi. Nipigie picha orodha hiyo unitumie kwa WhatsApp kabla ya Jumatano, maana Alkhamisi bamvua inaanza na mara hii nataka niwe nimeshaiona kabla sijateremka pwani.

Chupa ya samli irudishe kwa huyo huyo aliyeileta.

Wasalaam,
Mama yako