Mafua ya kichanga: anzeni na pua, si chupa ya dawa

Ndugu Mhariri,

Kipupwe kimeingia. Huku Nyanda za Juu Kusini, asubuhi za Juni na Julai kliniki ya watoto huwa na picha ileile: kichanga ananyonya, anaachia, analia, anarudi kwenye ziwa, anaachia tena. Mama akiulizwa, anajibu, "Kifua kimembana." Ukiweka kiganja mgongoni kwa mtoto, kweli unahisi mtetemo, na ukitega sikio unasikia mkoromo. Ila mara nyingi mkoromo huo unaanzia puani. Kifua cha mtoto wa miezi miwili ni chembamba mno, sauti ya pua inapita hadi mgongoni. Namna ya kujua ni nyepesi: safisha pua, kisha sikiliza upya. Mkoromo ukiisha au ukipungua sana, ilikuwa pua.

Tunaandika kwa sababu kosa hilo la kudhani ni kifua ndilo linalowapeleka wazazi kwenye chupa za dawa ya kikohozi, asali, Viksi, na wakati mwingine kwa mkata kimeo, yaani kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Yote hayo hayagusi pua iliyoziba.

Mtoto wa miezi ya mwanzo hutegemea pua kupumua. Hajazoea kupumua kwa mdomo kama mtu mzima, na tundu zake ni finyu, kamasi kidogo tu linatosha kuzijaza. Akiwa ameziba na ziwa limejaa mdomoni, inabidi achague kati ya kunyonya na kupumua, naye atachagua kupumua. Ndiyo maana anaachia ziwa. Si kwamba amelikataa, wala maziwa hayajaharibika kama bibi anavyosema.

Kinachofungua pua ni maji ya chumvi. Maduka ya dawa huuza matone ya pua ya chumvi ya asilimia 0.9, nayo ndiyo bora kwa kuwa ni safi na kipimo chake hakibadiliki. Asiyeyapata atengeneze hivi. Chemsha maji kwa dakika tano, funika, yaache yapoe hadi yawe ya vuguvugu. Pima nusu lita baada ya kuchemsha, si kabla, kwa sababu mengine huondoka na mvuke na chumvi itazidi. Chukua kijiko cha chai cha chumvi laini, kisawazishe juu kwa mgongo wa kisu, kisha ondoa robo. Robo tatu iliyobaki ndiyo ya kutia kwenye nusu lita ile. Koroga hadi iyeyuke yote. Onja: iwe na chumvi ya machozi, si ya bahari. Ikizidi inamchoma mtoto na kumvimbisha pua ndani. Maji matupu nayo yanawasha, hayafai badala yake. Weka kwenye chombo safi chenye mfuniko, na baada ya saa 24 mwaga, tengeneza mengine.

Mlaze mtoto chali mapajani, mikono imefungwa kwenye kanga asije akapigapiga. Kanga nyingine iviringishe, iweke chini ya mabega ili kichwa kirudi nyuma kidogo. Kwa kidonyezi (dropa), au bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano, dondosha matone mawili kila tundu. Matone, si kusukuma kwa nguvu. Subiri dakika moja. Atapiga chafya, atalia kidogo, na mara nyingi chafya hiyo yenyewe inamaliza kazi: kamasi linatoka, unalifuta kwa kitambaa laini.

Likibaki, ndipo unatumia mpira wa kunyonyea kamasi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mpira unaminywa ukiwa nje ya pua, ndipo ncha inagusishwa kwenye mdomo wa tundu, kisha unaachiliwa taratibu ili uvute. Anayeingiza kwanza ndipo akaminya, anapuliza kamasi kurudi ndani, halafu anashangaa mtoto amezidi kukoroma. Ncha isizame ndani. Ikae mlangoni tu. Na isiwe kila saa: mara tatu au nne kwa siku zinatosha, kwa sababu kuvutavuta kunachubua ngozi ya ndani, inavimba, na pua inaziba kwa uvimbe badala ya kamasi. Ukiona damu, acha kuvuta kwa siku nzima, endelea na matone peke yake. Baada ya kila matumizi mpira uoshwe kwa maji ya sabuni kwa kuyavuta na kuyatema, usuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, ukaushwe ncha ikiangalia chini. Mpira unaotupwa kabatini ukiwa na maji hufuga ukungu ndani, nawe huuoni.

Asiye na mpira asokote kipande cha kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, akichovye kwenye maji ya chumvi, akizungushe mlangoni mwa tundu na kulivuta kamasi nje. Vijiti vya pamba vya masikio visiingie puani. Na ile kazi ya mama kunyonya kamasi la mtoto kwa mdomo wake, tunaijua, inafanywa kwa upendo, lakini inampelekea mtoto vijidudu vya mdomo wa mtu mzima, na mara nyingi mama mwenyewe ndiye aliyekuwa na mafua kwanza. Wengine hukamulia maziwa ya mama puani. Hayana faida kuliko maji ya chumvi. Yaende tumboni, huko ndiko kwenye kazi yake.

Saa ya kufanya haya ni kama robo saa kabla ya kunyonyesha, na tena kabla ya kulala. Ukisubiri hadi ashibe, kuguswaguswa pua kutamtapisha. Kisha mnyonyeshe akiwa amekaa wima kidogo, kwa muda mfupi, mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Akichoka kuvuta, kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji wala chai ya tangawizi kwa sababu ya mafua. Kujua kama anapata maziwa ya kutosha, hesabu nepi: anayenyonya vizuri hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Zikishuka chini ya nne, nendeni kituo cha afya.

Usiku alale chali kwenye godoro bapa. Mto chini ya kichwa unaonekana kama msaada, kumbe unakunja shingo, kidevu kinashuka kifuani na njia ya hewa inabanwa. Akisumbuka, mbebe wima kifuani mwako mpaka atulie. Akiwa mgongoni, kanga isimfunike uso. Mvike nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, basi. Gusa nyuma ya shingo, ukikuta jasho, umemzidishia.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani. Tunajua baridi ya Njombe na Makete ilivyo, lakini hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na nyumba iliyofungwa madirisha kwa baridi ndiyo inayoua usingizini. Moshi wa sigara, wa kuni, wa dawa ya mbu ya kuchoma, hata udi na ubani, wote unazidisha uvimbe wa pua. Tukiwa kwenye moshi, tuseme na nyungu. Kumfunika kichanga blanketi juu ya sufuria ya mikaratusi inayochemka ni kumtafutia kuungua. Ngozi yake ni laini mno kwa mvuke huo, na sufuria hupinduka.

Sasa chupa. Dawa za maji za mafua na kikohozi hazifai kwa kichanga, hata kama katoni ina picha ya mtoto anayecheka. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2008 kuwa zisitumike kwa walio chini ya miaka miwili, na Uingereza mwaka uliofuata ikapandisha umri hadi miaka sita. Sababu ziko kwenye viambato. Klorofeniramini inakausha kamasi likawa gumu na kumlevya mtoto usingizi, naye aliyelewa usingizi hanyonyi. Promethazini kwa aliye chini ya miaka miwili inaweza kupunguza au kusimamisha pumzi kabisa. Baadhi ya chupa zina parasetamoli ndani, mama naye anaongeza parasetamoli nyingine ya homa, dozi inakuwa mara mbili bila yeye kujua. Na kuna suala la chupa zenyewe: mwaka 2022 nchini Gambia zaidi ya watoto 60 walifariki figo zikishindwa kazi, wakahusishwa na dawa za maji za mafua na kikohozi zilizochanganyika na kemikali za viwandani.

Matone ya pua nayo si ya aina moja. Yakiandikwa efedrini, zailometazolini au oksimetazolini, si maji ya chumvi. Hayo yanabana mishipa ya damu, na kwa kichanga yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa yeyote akiyatumia siku nyingi, pua huziba zaidi anapoacha. Someni jina kabla ya kulipa.

Viksi na marhamu nyingine zenye kafuri si za walio chini ya miaka miwili, wala kifuani wala, Mungu aepushe, puani. Kafuri ikiingia mwilini huleta degedege, na mentholi iliyopakwa karibu na pua ya kichanga inaweza kumfunga koo ghafla. Samli, mafuta ya nazi au ya kondoo yanayodondoshewa puani huteremka mapafuni na kukaa humo. Asali ni marufuku hadi atimize mwaka, hata ya kulamba kidogo, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ya kulegeza misuli kwenye utumbo wa mtoto mdogo.

Kuhusu kimeo, tuseme wazi. Kilimi hakileti kikohozi. Kila mtu anacho. Mafua huisha yenyewe kwa siku saba hadi kumi, kikohozi hudumu wiki mbili au zaidi, kwa hiyo aliyekatwa siku ya sita anapona siku ya kumi, na mkataji anapata sifa isiyo yake. Asiyebahatika anavuja damu, au anapata pepopunda kwa kisu kichafu.

Antibiotiki haziui virusi vya mafua. Kamasi kugeuka njano au kijani siku ya tatu si dalili kwamba amoksilini inahitajika; ni chembe nyeupe za damu zikifanya kazi. Parasetamoli haifungui pua, ni ya homa na maumivu. Kwa aliyevuka miezi miwili kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 6, kwa dawa yenye miligramu 120 katika mililita 5, anapewa mililita 2.5 kwa bomba la sindano, kila baada ya saa 6. Kijiko cha nyumbani si kipimo. Na kwa kuwa tunaishi kwenye malaria, homa isipachikwe jina la mafua kabla ya kupima damu.

Kinachotofautisha mafua na nimonia ni pumzi. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, funua tumbo, washa saa ya simu, hesabu kila linapopanda kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu vichanga hupumua haraka, wakasita kidogo, wakaendelea. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, ukirudia hesabu zikawa vilevile, au 50 na zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, ni safari ya kituo cha afya siku hiyohiyo. Nendeni mara moja, usiku au mchana, kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, tundu za pua zinatanuka, anaguna kila pumzi, midomo inageuka bluu, ameshindwa kunyonya, amelegea au amepata degedege. Kwa aliye chini ya miezi miwili, joto la nyuzi 37.5 kwapani au zaidi, au chini ya 35.5, linatosha peke yake kumpeleka.

Mafua mepesi hayaahirishi chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Kifaduro na nimonia ni miongoni mwa yanayokingwa na chanjo hizo, na mama anayerudi nyumbani kwa sababu mtoto "ana mafua kidogo" mara nyingi hurudi baada ya mwezi.

Ombi letu ni kwa wenye maduka ya dawa muhimu. Mama akifika kaunta na kusema mtoto ana mafua, muulizeni kwanza umri wake. Akiwa wa miezi, mwambieni amfunue tumbo, mhesabu pumzi pamoja pale pale. Zikiwa za kawaida na ananyonya, muuzieni matone ya chumvi na mpira, mmuoneshe kuuminya ukiwa nje ya pua.

Wauguzi wa kliniki ya watoto,
Njombe