Akija kwako kliniki, mama Neema

Makole, Dodoma

Mama Neema mpendwa,

Barua yako imenikuta tunajiandaa na wiki ya unyonyeshaji, ile ya tarehe 1 hadi 7 Agosti, upepo ukitupiga vumbi la kila namna. Huku tu wazima.

Umeuliza: mwanamume aliyebadili jinsia akija na kichanga hapo Manyoni, umfanyeje? Nashukuru umeuliza mapema.

Ni mtu aliyezaliwa na mwili wa kike, anaishi kama mwanamume, na amebeba mimba mwenyewe. Wengi waliokuwa wakitumia testosteroni, homoni ya kiume, huiacha kwanza, kwa kuwa haifai kwa mtoto aliye tumboni. Wengine walishafanyiwa upasuaji wa kifua, na hapo ndipo uwe macho. Upasuaji ule hauondoi tishu zote za maziwa. Siku chache baada ya kujifungua kifua kinaweza kujaa na kuuma, na akikibana kwa nguo ya kukifanya bapa maziwa yanaweza kuganda ndani na kuleta homa. Usimwone bapa ukasema hayamhusu!

Yupo Trevor MacDonald wa Kanada. Alizaa baada ya upasuaji wa namna hiyo, maziwa yake yakawa hayatoshi. Akatumia mrija mwembamba uliobandikwa kwenye chuchu, mtoto ananyonya kifuani huku akipata maziwa ambayo kina mama wengine walimchangia. Mwaka 2012 aliomba kuwa mwelekezi katika La Leche League, shirika la kusaidia wanaonyonyesha, wakamkatalia. Mwaka 2014 wakabadili msimamo, wanaume nao wakaruhusiwa. Baadaye yeye na wenzake wakawahoji watu 22 wa hali kama yake, wakachapisha mwaka 2016. Kumi na sita walikuwa wamenyonyesha kwa muda fulani. Kuna waliofurahi kabisa, uanaume wao haukutikisika. Kuna walioumia moyoni, kila mtoto akinyonya wanakumbushwa mwili wasioutaka. Ndiyo maana simwamulii mtu. Anayetaka kunyonyesha tumsaidie kumpakata mtoto vizuri. Asiyetaka tumfundishe kukausha maziwa salama na kumlisha mtoto kwa kikombe kisafi. Miezi 6 ile ya maziwa matupu bila uji wala maji bado ipo palepale.

Lakini kubwa kwangu ni mikono yetu, mama Neema. Tumezoea kushika titi la mzazi na kulisukuma kinywani mwa mtoto bila hodi. Hata wanawake huona haya, sembuse yeye! Muulize kwanza: nikuguse? Nikuite nani? Na jina lake usilipaze mbele ya benchi lote, maana watu kama hao huku kwetu wana sababu ya kuogopa, na akiogopa hatarudi, mtoto atakosa hata chanjo.

Niandikie kama mganga mfawidhi wako atakupa chumba cha pembeni. Akisita, nitakuja mwenyewe kuzungumza naye, basi za Singida zinapita hapo kila siku.

Msalimie baba Neema na watoto.

Rafiki yako,
Mama Baraka