Mkono wa kushoto

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi za moyo. Mimi nipo, Mama naye anajitahidi, anakula kidogo kidogo. Najua nimekuwa kimya tangu siku ile ya maziko. Simu zako niliziona zote. Nilishindwa kuzipokea kwa sababu wewe ukitamka tu "Mzee", sauti yako inanirudisha karakanani, nami sikuwa tayari kurudi. Unisamehe ndugu yangu. Leo nina shida, na sioni mwingine wa kunisaidia.

Mwisho wa mwezi tunakutana wote kumkumbuka Baba. Dada zangu wameshaamua kwamba mimi ndiye nitakayesema, na wakiamua hao unajua hakuna rufaa. Basi leo ni siku ya nne nimeshika kalamu. Nimeandika: "Baba alikuwa mtu mkimya, fundi hodari, aliyeipenda familia yake." Nikakwama hapo hapo. Kila neno ni la kweli, lakini sentensi hiyo unaweza kumsomea mzee wa yeyote. Yeye hayumo. Hayumo yule mtu aliyekaa mezani akatusikiliza sote mpaka mwisho, akacheka kwa mabega bila kutoa sauti. Hilo nitalisemaje mbele za watu?

Sasa ngoja nikueleze kilichotokea juzi, maana ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Mama alitaka jiko lioshwe vizuri, kwa hiyo tukachomoa droo ya meza ile kubwa ili meza iwe nyepesi kubeba. Nikaigeuza droo juu chini. Nikaona alama zake za penseli, ile pembetatu aliyokuwa anachora kwenye mbao zikiwa zimepangwa pamoja, ili ajue baadaye upi unakaa mbele na upi nyuma. Pembeni yake, kwa mwandiko wake ule wa kulala, ameandika: "Ya mama watoto. Mkono wa kushoto."

Nilikaa sakafuni palepale.

Kwamba Mama ni mashoto tunajua wote. Lakini umewahi kujiuliza kwa nini kila mgeni aliyeingia jikoni kumsaidia alianza kupapasa upande wa kulia akitafuta kisu? Droo iko kushoto. Rafu ndogo ya chumvi na viungo iko kushoto. Hata vigingi vya kutundikia miiko vimepigwa kushoto kwa pale anaposimama. Mimi nimekulia kwenye nyumba hiyo nikidhani ndivyo jiko linavyokuwa. Nikamwonyesha Mama yale maandishi. Alifuta mikono, akayasoma mara mbili, akasema, "Hakuniambia. Nilidhani imetokea tu." Halafu akatoka nje, nikamwacha.

Tangu hapo siwezi kulala vizuri, nageuza vitu. Nimelala chali chini ya meza ya kulia chakula na tochi, watoto wanacheka. Unakumbuka skurubu zinazoshika uso wa meza ile? Zimepita kwenye matundu marefu, si ya duara. Nilipokuwa mdogo nilidhani alikosea kutoboa. Siku moja nikamwuliza, naye akanijibu kwa maneno machache kama kawaida yake: "Mbao inapumua." Ndiyo masomo yote niliyopata! Ni wewe uliyekuja kunieleza baadaye kwamba ubao hunywa unyevu wa hewa na kuurudisha, ukatanuka na kusinyaa kwa upana huku urefu ukibaki karibu vilevile, na kwamba uso mpana wa meza unaweza kucheza milimita kadhaa kati ya msimu wa mvua na wa kiangazi. Ukiubana kwa gundi pande zote utapasuka tu. Meza ile haijapasuka mpaka leo. Hebu niambie, wewe alikueleza yote hayo lini? Alikuwa anaongea na wewe? Nakuuliza bila wivu, naapa. Nafurahi sana kama kuna mtu aliyemsikia.

Maana mimi ninachokumbuka ni sauti ya randa kuliko sauti yake. Ile inayoteleza ndefu, maranda yanatoka membamba kama karatasi, yanajikunja. Ikianza kukwaruza alisimama mara moja, akaugeuza ubao, akaanza upande wa pili, kwa sababu alikuwa anakwenda kinyume na nyuzi. Hakuwahi kulazimisha. Hata sisi hakutulazimisha, sasa ndiyo naona. Siku ile niliyomwambia sitaki useremala, alininolea penseli kwa patasi, akanipa, akaendelea na kazi.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Kaka anataka vifaa vigawanywe, kila mtu achukue kimoja cha kumbukumbu akakiweke sebuleni. Nia yake ni njema, lakini randa ikikaa kabatini bila kuguswa itaota kutu, na yeye Baba alikuwa anaipaka mafuta kila jioni kabla ya kunawa mikono. Mimi naona vifaa viende kwako vyote. Sijamwambia Kaka bado. Nataka kwanza nijue kama utavipokea.

Na nyuma ya karakana, chini ya turubai, kuna mbao sita, unene kama milimita 50, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, ncha zote amezipaka rangi zisikauke haraka zikapasuka. Ubao wa juu umeandikwa tarehe ya mwaka jana, na neno moja: "kitanda". Wewe ndiye uliyeniambia kanuni ya kukausha mbao, mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Kwa hiyo alipozipanga alijua ni kazi ya kusubiri mpaka mwakani. Kitanda cha nani? Mdogo wetu wa mwisho ni mjamzito, lakini mwaka jana hakuna aliyekuwa anajua, hata yeye mwenyewe. Au ni cha Mama? Au alikwambia wewe?

Naona nimezunguka sana, na ile hotuba bado ina sentensi moja. Nisaidie. Alikwambia nini mkiwa wawili tu, hasa ile miezi ya kwanza aliyokufanya unoe patasi tu bila kugusa ubao? Ni kweli kwamba siku ulipoondoka kwenda kuanza kazi yako alifunga karakana mchana? Nikisema habari ya droo mbele ya watu wote, Mama atafurahi au nitakuwa nimetoa nje kitu chake? Hizo mbao nizipimeje kujua zimekauka, ni kweli alikuwa anaupima ubao mmoja kwa mizani mpaka uzito uache kushuka? Na zikikauka, utakuja tukitengeneze hicho kitanda, wewe ukikata na mimi nikishika upande wa pili?

Nijibu mapema, hata kwa mistari miwili. Safari hii ukipiga nitapokea.

Ndugu yako